Taa ya Vifaranga

Vifaranga wale walinunuliwa nje ya geti la chekechea, kwa mzee mmoja wa Kichina aliyekuja kusimama na kikapu chake pale pale watoto wanapotokea, makusudi kabisa, ili mzazi ashindwe kukataa. Mimi nilikataa. Mume wangu akatoa simu akalipa. Ndivyo walivyoingia nyumbani kwetu mtaa wa Xiaobei, vifaranga wanne kwenye chumba na sebule, katikati ya Januari, na mimi nimenuna.

Binti yetu kazaliwa hukuhuku Guangzhou. Kiswahili anakisikia vizuri tu, ila ukimsemesha anakujibu Kichina. Mama yangu yuko Tanga, na kila akipiga simu ya video mjukuu wake alikuwa anajificha. Mama hakulalamika. Aliniuliza tu siku moja, "Kwani mimi namtisha?" Liliniuma hilo.

Asubuhi baada ya vifaranga kununuliwa, mmoja alikuwa amejikunyata, mabawa chini, kinyesi kimemkaukia nyuma mpaka njia imeziba. Nikampigia mama, maana kuku ndiyo maisha yake. Mtoto sikumwita. Alikuja mwenyewe na kifaranga mkononi, akamsogeza kwenye kamera.

"Bibi, anaumwa," akasema, kwa Kiswahili. Nikasogea pembeni nisije nikaharibu.

"Usimbandue hivyohivyo, mjukuu wangu, utamchuna," mama akamwambia. "Chukua pamba na maji ya uvuguvugu, umloweshe taratibu mpaka kitoke chenyewe. Halafu umkaushe vizuri."

Akafanya yote, ulimi nje kwa umakini. Mwingine miguu ilikuwa inamteleza, mmoja huku mwingine kule. Mama akataka aoneshwe chini ya boksi. Tulikuwa tumetandika katalogi za dukani kwa baba yake, yale makaratasi ya kung'aa. "Hapo hata mimi ningeanguka," mama akasema, na mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Tukabadilisha, tukaweka taulo kuukuu. Yule wa miguu tukamfunga uzi wa sufu, legelege, isitanuke.

Basi ikawa kila siku akitoka shule anadai simu. Bibi, kanywa maji ya sukari. Bibi, kasimama. Bibi, atapona? Na mama, kwa furaha aliyokuwa nayo, anamjibu, "Watapona wote. Mimi bibi yako nakwambia." Mimi nilikuwa jikoni nakatakata vitunguu na machozi yananitoka, na si ya vitunguu.

Kisha baridi ikazidi. Nyumba za huku, sakafu ni vigae na unyevu, hakuna cha kupasha moto. Mama akatuambia tuwawashie taa juu ya boksi, walale na joto. Sasa mume wangu biashara yake ni taa. Sebuleni kwetu hapakosi sampuli. Akachagua ile bora kuliko zote, akaifunga mwenyewe kwa madaha, boksi likang'aa kama ukumbi wa harusi.

Asubuhi tuliwakuta wamerundikana kwenye kona moja, wote wanne, wamekufa, wamekauka. Taa bado inawaka. Nikaishika. Haikuwa na joto lolote. Hizo ndizo taa mume wangu anazowasifia wateja kwamba hazichemki, ushike hata kutwa nzima. Mama alikuwa na mawazo ya zile za zamani za kuunguza vidole, na mume wangu ameuza hizi miaka yote, wala hakukumbuka. Sikumgombeza. Alikuwa amesimama pale mikono kichwani, mtu mzima, nikamhurumia.

Najuta mpaka leo. Ningempigia mama mapema nimweleze, kabla hajapiga yeye. Lakini simu ikaita, na mtoto akaiwahi.

"Haya, wagonjwa wangu wameamkaje?" mama akauliza.

 Mtoto akasema kwa Kichina, polepole, bila kulia, kwamba bibi ni mwongo. Akaniachia simu.

"Kasemaje?" mama akauliza.

"Anakuamkia," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu," mama akaitikia, huku akisogeza uso kwenye simu kumtafuta. "Marahaba."