Ndama Aliyekunywa Ndoo Isipungue

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka kumi na moja, baba yangu alizikwa Jumanne na Jumatano nikaacha shule. Darasa la tatu. Tangu siku hiyo hakuna kitu nimejifunza ambacho sikukilipia kwa mgongo wangu. Nasema hivi mapema ndiyo ujue mimi si mtu wa kuamini kila linalosemwa. Nimelala porini na punda, nimelala ndani ya shimo la mawe, na sijawahi kuona jini wala mzuka. Kwa hivyo haya ninayokueleza si ya kusikia. Yalinitokea uani kwangu, hapa Kitengela, saa saba mchana, jua likiwa utosini. Na bibi yangu alikuwepo, macho wazi. Ukitaka muulize.

Nilikuja Kitengela na punda wawili na mitungi minane. Niliuza maji nyumba kwa nyumba wakati mji ulikuwa maduka machache na swara walikuwa wanavuka barabara. Kutoka kwa punda nikafika kwenye kisima changu mwenyewe, kimechimbwa kwa mashine, na tangi limesimama juu ya nguzo za chuma unaliona kutoka lami. Maji ya hapa yana chumvi, na watoto wakiyanywa meno yao huwa rangi ya chai. Leo nakubali. Zamani ungesema hivyo mbele yangu tungekosana. Nilikuwa na sheria moja pia: saa sita mpaka saa nane mchana, geti linafungwa kwa kufuli, pampu ipoe. Hata uje na lori, utangoja. Hata uje na maiti.

Sasa, mwaka jana bibi yangu, Mama Mutua, alianguka jikoni akiwa ameshika mwiko. Damu ilikuwa imepanda kichwani. Mguu wa kushoto ukakataa na mkono wa kushoto ukakataa. Hospitali walifanya yao wakamrudisha, wakasema mwili unaweza kurudi lakini mwenyewe atake. Tukaweka kitanda chake sebuleni karibu na dirisha. Alilala miezi minne akiangalia ukuta. Mazoezi hataki. Uji anakunywa nusu kikombe. Watoto wakipiga simu anasema, "Waambie nimelala."

Siku moja akaniita. "Baba Mutua, unakumbuka ile chemchemi ya kwetu Kibwezi?"

"Nakumbuka."

"Kulikuwa na samaki wadogo sana. Ukiweka miguu wanakuja kukuuma vidole. Na nyasi za chini ya maji, zinacheza." Akanigeuzia uso. "Niletee hiyo."

Chemchemi unaletaje? Lakini ilikuwa mara ya kwanza kuomba kitu. Nikauliza mjini, nikaelekezwa kwa msichana mmoja, Shiru, ana duka la samaki wa kuangalia. Mimi nilidhani samaki ni wa kukaangwa, kumbe wengine wana dirisha lao. Pale nikaona kioo kimejaa kijani, nyasi fupi kama zulia, gogo limefunikwa na majani, na katikati samaki wadogo kama punje za mchele, wekundu, wanapita pamoja kama wamepigiwa filimbi. Waliitwa jina la kizungu ambalo ulimi wangu ulikataa. Mimi niliwaita Mchele.

Shiru alinifundisha vizuri, sitamsingizia. Udongo mweusi chini, uchekechwe, ulowekwe, mchanga juu yake. Majani mengine unapanda kwa kibano, mengine unayafunga kwa uzi juu ya gogo. Taa iwake masaa manane kwa siku. Sifongo ya kuchuja, ikipuliza hewa polepole. Halafu ungoje wiki nne bila samaki hata mmoja, maji yazoee.

"Na mawe, guka," akasema, maana kwao babu ni guka, "yajaribu na ndimu kwanza. Jiwe likitoa povu, usiweke. Na maji yasiwe ya kisima. Hawa wanataka maji laini, ya mvua. Kama hakuna mvua, ununue ya kuchujwa."

"Msichana, mimi nimeuza maji kabla mama yako hajaolewa."

"Ni sawa guka. Lakini samaki hawajui hiyo historia."

Watu dukani wakacheka. Nikabeba vitu vyangu nikaondoka.

Niamini, nilipanga lile sanduku la kioo kwa mikono yangu kama mtu anayejenga kanisa. Udongo niliutoa shambani. Katikati niliweka jiwe jeupe la Kajiado, nililolichimba mwenyewe nikiwa kibarua kule machimboni, nikalihifadhi miaka yote. Ndimu sikutafuta. Nijaribu jiwe langu? Na maji nilifungulia ya kisima changu. Ninunue maji? Mimi? Kitengela nzima ingesema nini ikiniona nimebeba mtungi wa maji ya mtu mwingine? Wiki nne nikazifanya moja.

Samaki ishirini wa kwanza waliisha kwa siku mbili. Walikuwa wanapanda juu, wanahema, halafu wanageuka tumbo. Majani nayo yakashika unga mweupe kama majivu. Nikanunua ishirini wengine, nikamwambia Shiru wale wa kwanza walikuwa wagonjwa. Baada ya wiki wakabaki sita.

Mama Mutua alikuwa anawahesabu kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Asubuhi ile ya wale sita akanitazama, hakuwa na hasira. Akasema, "Hawa wakiisha, Baba Mutua, usinisumbue tena na dawa. Nimechoka kuangalia vitu vikifa."

Nilitoka nje nikakaa kwenye kiti changu karibu na geti. Kufuli nilikuwa nimeshalifunga. Mvua ilikuwa haijaonekana kwa miezi, vumbi limesimama hewani. Nikasikia mtu anaita kutoka nje. Si kwa sauti kubwa.

Nikachungulia. Ni mama Mmaasai, shuka nyekundu iliyochujuka, kibuyu mgongoni, mkononi kamba ya katani, na kwenye kamba kuna ndama mweupe mwenye sikio moja la kahawia.

Huyo ndama nilikuwa nimeshamwona.

Sikia. Ule ukame wa mwaka wa 2009, ng'ombe walikuwa wanaanguka kando ya barabara kutoka Isinya mpaka huku. Siku moja, saa saba kama hii, mama alikuja getini na ndama. Mweupe, sikio la kahawia. Akaomba maji. Mimi nikamwambia nimefunga, arudi saa nane, hiki si kisima cha serikali. Akakaa nje, kando ya ua. Nilimwona akiwa amekaa, nikala chakula changu. Saa nane nikifungua hakuwepo. Jioni watu wakasema kuna ndama amekufa karibu na daraja, na kuna mama alikuwa naye. Huyo mama aliishia wapi? Sikuuliza. Nilijua nikiuliza nitaambiwa.

Sasa huyu hapa. Miaka imepita, mimi nimekuwa mvi kichwa kizima, yeye hajaongeza hata kunyanzi. Lile tundu pana la sikio lake nalikumbuka, lile lile. Na ndama bado ni ndama. Ndama gani anakaa ndama miaka yote hiyo?

Ungekuwa wewe ungekimbia? Hata mimi nilifikiria. Lakini mguu ulienda mbele wenyewe. Nikafungua kufuli.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimia mama huyo kwa Kimaasai, kama inavyofaa.

"Iko," akajibu. "Leo umefungua."

"Leo nimefungua."

Nikachota ndoo nikamwekea ndama. Akatia mdomo akanywa. Nakwambia alikunywa, koo linapanda na kushuka, nasikia mmezo, kwa muda ambao ng'ombe mzima angemaliza. Nikatazama ndani ya ndoo. Imejaa mpaka ukingoni, haijapungua kidole. Sikushtuka sana, na hilo ndilo linanishangaza mpaka leo. Nilitaka tu kujua. Nilikuwa kama mtoto anayeangalia mtu akifungua redio.

Mama yule alikuwa ananyoosha shingo kuelekea mlangoni, mwanga wa kijani wa lile sanduku la kioo ulikuwa unaonekana. "Ni nini hiyo ndani?"

"Ni samaki."

"Nione."

Akaingia. Akasimama mbele ya kioo, mikono nyuma, kama watu wanavyosimama mbele ya ng'ombe wa mnada. Mama Mutua akageuza kichwa kwenye mto.

"Karibu, mama," akasema.

"Asante. Ni wewe unalala?"

"Ni mimi."

"Na hawa ni nyoka wadogo?"

Mama Mutua akacheka. Miezi minne! Alicheka mpaka mkono mzima ukashika tumbo. "Si nyoka, mama. Ni samaki."

"Kwetu hizo ni kitu kimoja. Nani atakula hiki? Hata jino halijai."

"Hawaliwi. Wanaangaliwa."

"Unalisha kitu kisicholiwa." Akafikiri. "Hata mbwa analinda. Na nyasi mmepanda ndani ya maji, na huko nje hakuna hata moja. Nyinyi watu!" Halafu akanigeukia mimi, akaonyesha kwa kidevu. "Na hii jiwe umeweka ya nini?"

"Ni ya urembo. Nimeichimba mimi."

Akatia mkono majini bila kuuliza, akalitoa lile jiwe, akalilamba. Akatema mate kando. "Hii ni ya ng'ombe kulamba. Inatoa chumvi siku zote. Mzee, umewatilia chumvi kwa chumvi. Hujui maji?"

Mimi. Kuulizwa kama najua maji, nyumbani kwangu, mbele ya bibi yangu. Nilisema, "Inaonekana sijui." Sikuwa nimewahi kusema neno hilo kabla ya siku ile.

Akafungua kibuyu. Akaniambia nitoe maji yaliyomo, nibakishe kidogo ya samaki. Nikayatoa kwa mpira wa maji mpaka yakabaki ya vidole vinne, wale sita wamejikunja pembeni. Akaanza kumimina, polepole, juu ya kiganja chake ili udongo usifumuke. Kibuyu kile ni cha lita mbili, labda tatu. Lile sanduku ni la lita sitini. Alimimina mpaka likajaa. Nilihesabu kwa macho, mimi ambaye napima maji tangu ujana wangu, na hesabu ilinikataa.

"Haya maji umeyatoa wapi?" nikauliza. "Huku hakujanyesha."

Hakunitazama. Alikuwa anaangalia samaki, wanashuka, wanaingia kwenye nyasi. "Ni ya ile mvua ilikuja nyuma yangu," akasema.

Nilielewa. Ule ukame ulikatika baada yake na ndama wake, ikanyesha mpaka mabonde yakajaa. Wale waliokuwa hai waliicheza. Nilitaka kusema pole, badala yake nikaokota ule mpira wa maji nikaukunja.

Akafunga kibuyu. Akamwambia Mama Mutua, "Amka uwaangalie ukiwa umesimama. Ukilala unaona matumbo tu." Kwangu akasema maneno mawili: "Usifunge mchana." Akatoka. Nikamfuata mpaka getini. Barabara pale imenyooka, hakuna mti wala nyumba, na hakukuwa na mtu wala ndama. Kwenye vumbi kulikuwa na alama za viatu vyangu peke yake.

Siku ya tatu nilimpelekea Shiru maji kidogo kwenye chupa. Akatia dawa yake ya matone, akaangalia rangi, akatia tena. "Guka, hii umenunua wapi? Ni mvua kabisa."

"Nimepewa," nikasema.

Wale sita hawakufa. Wakazaa, wadogo kama ncha ya sindano. Majani yakachipua kijani. Na tangu siku ile sijawahi kuongeza maji. Kila mwenye sanduku la kioo atakwambia maji hupungua, ukiwasha taa yanapanda hewani. Yangu yako pale pale, mstari ule ule, na nimeweka alama kwa kalamu. Wiki ya pili Mama Mutua aliomba ashikwe mkono, asimame. Alitaka kuona migongo.

Lakini usidhani ni zawadi ya bure. Mwezi wa tano nilienda Kajiado kwa mambo ya shamba, na mkono kwa mazoea ukafunga lile kufuli. Nilirudi saa tisa. Samaki wote, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wamejipanga kwenye kioo cha upande wa geti, vichwa nje, hawasongi hata pezi. Na Mama Mutua alikuwa kitandani, mguu wa kushoto baridi kama chuma. Nilikimbia na mtungi nikauweka nje ya geti, nikauacha wazi. Jioni mguu ulipata joto. Samaki wakatawanyika. Kufuli nilitupa kwenye shimo la choo.

Kwa hivyo wewe unayesoma, kama una bomba, kama una kisima, hata kama una chupa tu, na mtu akaja mchana wa jua akuombe maji, usimwambie saa. Usimwangalie ni nani. Na ukiona ndoo haipungui, nyamaza, ongeza heshima.

Leo niko na kisima kimoja. Vyumba kumi na vinne vya kupangisha. Ekari tatu upande wa Kajiado. Punda mmoja mzee ambaye hafanyi kazi tena. Bibi mmoja anayetembea na fimbo na kunigombeza. Sanduku la kioo moja, na samaki thelathini na mmoja, alivyowahesabu leo asubuhi. Na nje ya geti kuna mtungi mmoja wa maji, uko wazi tangu saa sita. Huo si wangu.