Vipimo vya Shangazi

Kazi yangu ni kupiga pasi. Meza yangu iko kando ya cherehani ya Fundi, tumetenganishwa na pazia la kujaribia nguo tu, kwa hiyo habari za viuno vya mtaa mzima nazijua bila kuuliza.

Fundi ni mwanamke aliyejaa mwili. Nesi alipomwambia presha imepanda na dawa nzuri ni kutembea, aliacha kupanda gari siku hiyohiyo. Kila asubuhi anakuja kazini kwa miguu, mwendo wa nusu saa na zaidi, na wanaokaa vibarazani humuuliza anamkimbiza nani. Yeye huwajibu, "Nakimbiza presha, nyie kaeni na yenu," anapita zake.

Mshauri mkuu wa afya pale dukani, hata hivyo, alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Sote tulimwita Shangazi, maana alijiona ana haki ya kumkosoa mtoto wa yeyote. Nyumba yake ni ya nne kutoka dukani, naye kila mara alikuja kwa pikipiki. Mkono mmoja alishika chupa ya maji ya ndimu, mwingine kipande cha keki. Keki, alisema, ni ya kuondoa uchachu wa ndimu.

Kupimwa alikataa katakata. "Vipimo vyangu si unavyo, wifi? Andika vilevile."

Vilevile maana yake vile vya siku alipoolewa, na sasa mtoto wake wa kwanza ndiye anaoa. Fundi huandika kwenye daftari anavyoambiwa. Mteja akishaondoka, huongeza vidole vinne kila upande kwa kukisia kwa jicho, kimya kimya. Ndiyo maana kila nguo ilimkaa Shangazi sawasawa, naye hujigeuza mbele ya kioo akisema hajaongezeka hata nukta.

Akimaliza kujisifu alimgeukia binti wa Fundi, mtoto wa miaka kumi na nne ambaye akitoka shule hukaa pale kushona vifungo. Alimbandika jina la Kibonge. Jina likamganda. Hata mimi nililitumia, nikidhani ni la mapenzi, na hilo naliona aibu mpaka leo.

Siku walipokuja kuagiza sare za harusi, Shangazi na dada zake wawili wakataja vipimo kwa mdomo, kila mmoja akijipunguza kuliko mwenzake. Kisha Shangazi akamtazama binti, ambaye alikuwa miongoni mwa wasindikizaji wa bibi harusi.

"Kibonge, wewe utasimama nyuma ya wenzako. Tusije tukakosa nafasi kwenye picha."

Wakacheka. Mtoto akaendelea na kifungo chake.

Kuanzia hapo chakula chake cha mchana alikimwaga nyuma ya duka, na mimi nilimwona mara moja nikanyamaza. Siku ya nne akazimia mstarini shuleni. Nesi alimpima, akasema mwili hauna tatizo lolote ila njaa. Mtoto alirudi na maneno mawili tu kwa mama yake: harusini haendi, na asimpime.

Nilitegemea Fundi aende kuvunja mlango wa wifi yake. Badala yake alifungua daftari, akashona. Nikaangalia mshono unapopita.

"Hujaongeza?"

"Wateja wametaja vipimo vyao," alisema. "Mimi ni nani niwabishie?"

Siku mbili kabla ya harusi walikuja kujaribu. Shangazi akaingia nyuma ya pazia. Tukasikia mguno, halafu mguno mrefu zaidi.

"Wifi, kitambaa kimesinyaa!"

"Hakijagusa maji."

Nikachungulia. Gauni lilikuwa limemkwama mabegani, mikono juu, kichwa ndani. Dada mmoja lake lilikomea mapajani. Mwingine aliangalia hayo akakataa hata kujaribu. Nilicheka, siwezi kusema uongo.

"Mimi ni mama wa bwana harusi!" Shangazi alilia humo ndani. "Nitavaa nini? Mbona unanidhalilisha mbele za watu?"

Daftari lilikuwa wazi juu ya meza na futi ya kupimia iko shingoni mwa Fundi. Nikaweka pasi chini nisikie vizuri akimsomea vipimo vyake. Lakini Fundi alishika upindo wa gauni akaugeuza, na ndani ya mishono ya ubavuni mlikuwa na kitambaa cha ziada, vidole vinne kila upande.

"Ya kuongezea ipo, wifi. Miaka yote nakuongezea usione haya, na sijakucheka hata siku moja. Mwanangu umemfanyia nini?"

"Nilikuwa namtania tu."

"Amezimia."

 Sauti ndani ya gauni ikasema, taratibu, "Sikujua. Nivue kwanza, nimwombe radhi."

"Omba hivyohivyo. Mikono iko juu, ni vizuri."

Akaomba, akimwita mtoto kwa jina alilopewa na wazazi wake, ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Binti alikuwa kwenye kigoda, sindano mkononi. Nilidhani atalia. Akaanza kucheka, na Shangazi, bado amekwama, akacheka pia.

Tukamvua kwa pamoja. Binti akachukua futi shingoni mwa mama yake, akampima shangazi yake kifua, kiuno na nyonga, pole pole, akaandika bila kutamka namba hata moja. Dada wawili walisogea karibu kusikiliza wakaambulia patupu.

Kisha akamrudishia mama yake futi, akasimama wima, mikono ameitenga na mwili.

"Sasa mimi, mama. Andika ilivyo."

Fundi akapima. Akaandika ilivyo. Mtoto akaziangalia namba, akafunga daftari, akauliza kama chakula chake cha mchana cha siku hiyo bado kipo.