Ghali Mbele ya Mkwewe

Asubuhi ile tulikuwa tunapakia chumvi, mie na Ghali, kama siku zote. Yeye anafunga mabamba ya chumvi kwa kamba za ngozi, mie naangalia matairi ya lori langu. Langu, nasema, si la tajiri. Nilitoka Unguja baada ya Mapinduzi na shati moja na darasa la pili, nikaosha malori, nikaendesha ya watu, mpaka nikanunua la kwangu katikati ya Sahara. Nchi siitaji. Hata hapa Lewisham, London, mtu mzima nimestaafu, sijazoea kuwaamini watu wanaouliza maswali.

Ghali alikuwa Mtuareg, kabila la jangwa hilo, na ndiye aliyenionyesha njia miaka miwili. Kwao wanaofunika uso ni wanaume. Wanawake wako wazi. Ghali kilemba chake cha buluu kimezungushwa mpaka puani, hata akila anapitisha kijiko chini ya kitambaa. Mdomo kwao ni aibu, hasa mbele ya wakwe. Hema nalo ni la mwanamke. Mume akiachwa, huchukua ngamia wake na upanga wake akaenda zake. Mama mkwe wake Ghali, Bi Tamima, alikuwa na hema jirani. Akimwona tu kwa mbali, Ghali hupandisha kitambaa mpaka karibu na macho.

"Dereva," alikuwa akinitania, "mdomo wako uko wazi kama choo kisicho na mlango."

"Na wako umeuficha kwa nini? Huna meno?"

Alicheka. Na mie nilicheka, lakini si kwa moyo wote. Waasi wa Kituareg walikuwa wamekwishaanza kupigana na serikali, na wiki ile Ghali alitoweka siku mbili. Akarudi na ngamia aliyechoka taabani, akasema alikwenda kutafuta ngamia jike aliyepotea. Ngamia jike sikumwona. Tangu hapo nikawa napima kila anachosema.

Gari mbili za jeshi zilitokea kabla hatujamaliza kupakia.

Wakatupanga, wanaume huku, wanawake kule, tunatazamana. Ofisa akaamuru vilemba vivuliwe. Anamtafuta muasi mwenye kovu shavuni.

Wawili walivua, wakainamisha vichwa.

Ghali hakuvua. Bi Tamima alikuwa amesimama mbele yake.

"Vua."

"Hapa siwezi."

Lugha ya ofisa Ghali aliijua maneno machache tu. Mie niliijua vizuri. Na sababu niliijua. Ningesema: yule ni mkwewe, mpelekeni nyuma ya lori, atavua.

Ofisa akanigeukia. "Huyu unamjua?"

Nikamfikiria yule ngamia jike. Nikafikiria lori langu.

"Namjua macho tu."

Wakampakia garini na kilemba chake usoni. Hakunitazama.

Gari zilipoondoka, Bi Tamima alinijia taratibu. "Miaka miwili umekunywa chai yetu," akasema. "Kumjua tu, uso wake ulikuwa unautakia nini?" Kisha wanawake wakang'oa mahema, wakahama wote. Nikabaki na lori lililojaa nusu.

Ghali hakurudi. Nilimuulizia kwa kila dereva aliyetoka kaskazini, mpaka nilipouza lori nikaja Uingereza. Hakuna aliyemwona, au hakuna aliyetaka kuniambia. Pengine na wao walinishuku, na siwalaumu.

Juzi nilimsimulia binti yangu, Salma. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza. Akauliza jambo moja: huyo mtu alikuwa muasi, au hakuwa?

Nikamwambia sijui. Huenda alikuwa. Huenda ngamia alipotea kweli. Mpaka leo nikilipima jambo hilo halikai sawa.

Lakini ofisa hakuniuliza hilo. Aliniuliza kama namjua, na nilikuwa namjua.