Kidole Gumba cha Chola

Kelele za darasa letu zilifika hadi gati la Nchelenge, mji wetu wa ziwani, na wauza samaki walizipenda. "Sikia watoto wanavyosoma!" walisema, huku harufu ya samaki waliokaushwa ikitupanda puani kupitia madirisha yasiyo na vioo. Kusoma gani? Hakuna aliyesoma pale. Miaka ile ya mwisho ya tisini, mwalimu wetu wa gredi ya pili, bwana mwenye suruali iliyonyooshwa kwa pasi na kichwa kitupu kama debe, alikuwa na mbinu moja tu: anatamka mstari wa kitabu cha Kibemba, sisi tunaupokea kwa sauti, mpaka ukurasa mzima uingie kichwani kama wimbo. Kisha anakuna kitambi na kujiita fundi wa kusomesha.

Mdogo wangu Chola, niliyesoma naye darasa moja kwa kuwa mimi nilichelewa kuanza, alikataa kuimba. Yeye alitaka kujua maandishi yanasema nini, masikini! Akabuni lake: neno refu analifunika kwa kidole gumba, anakisogeza kidogo kidogo, anatamka kila kipande kinachojitokeza, kisha anaviunganisha. U-ku-sa-mbi-li-la. Ukusambilila, yaani kujifunza. Nyumbani alisoma hivyo hata maandishi ya magunia ya unga. Darasani alichapwa rula kwenye kidole hicho hicho. "Toa kidole! Kitabu si ugali," Mwalimu alifoka, kisha akangoja tucheke. Tulicheka kwa sababu rula ilikuwa bado mkononi mwake.

Baba alikuwa mfanyabiashara kutoka Kongo, akileta vitenge na kurudi na samaki. Darasani hakuwahi kukanyaga, lakini kuhusu shule alijua kila kitu, kama wanavyojua wote wasioijua. Alitangaza kwamba siku ya wazazi, mkaguzi wa shule kutoka Mansa atakapokuja, Chola asome mbele za watu. Akishindwa, anaacha shule na kwenda Mununga kwa shangazi kukausha samaki.

Siku ikafika. Mkaguzi akafungua ukurasa ambao hatukuwahi kuuimba, wenye picha ya mtumbwi, akampa Mutale, kipenzi cha Mwalimu. Mutale akautazama mtumbwi, akavuta pumzi, akatiririsha ukurasa wa mbuzi, ule tuliozoea kuuimba, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Mbuzi, jamani, na mtumbwi uko mbele ya macho yake! Wazazi wakapiga makofi. Mkaguzi naye, aliyekwisha kuonyeshwa kapu lake la samaki kando ya gari, akapiga makofi.

Chola akapewa ukurasa ule ule. Akaweka kidole. Kipande kwa kipande akasoma habari za mtumbwi, polepole, bila kosa hata moja. Hakuachwa amalize mstari wa pili. Mwalimu alimpokonya kitabu. "Kaa chini, unatutia aibu."

Njiani nilimwambia baba kwamba Mutale aliimba tu, aliyesoma ni Chola.

"Nyamaza weye!" akasema. "Mutu anayejua kusoma anasoma mbio. Huyu mutoto hana kichwa ya masomo."

Chola alilia hadi sauti ikamkauka. Asubuhi akapandishwa kwenye gari la samaki, akaenda Mununga. Hakurudi shule tena. Sijamsamehe hata mmoja wao.

Siku hizi mambo yamebadilika, tunaambiwa. Mimi ni mwalimu, na kukata maneno kwa silabi ndiyo habari ya mjini. Kuna kadi za rangi, kuna semina zenye soda na biskuti. Zamani mtoto alichapwa kwa jambo hilo hilo ambalo leo mwalimu anapewa cheti kwa kulifundisha. Juzi juzi nilihudhuria semina moja, na mkufunzi aliyesimama mbele, mvi tele, tai shingoni, alikuwa yule yule Mwalimu wetu wa rula. "Msiwakimbize watoto," alituhubiria. "Neno refu likateni vipande. Mimi nimefundisha hivi maisha yangu yote." Walimu vijana wakaandika.

Nikanyoosha mkono, nikamwuliza kama anamkumbuka Chola.

"Chola yupi?" akasema, akageukia ubao.