Mzee Ndegwa wa Kiwanja Kitupu

Mimi Wanjira si mtu wa kuota. Nimelelewa Kawangware na mama aliyeuza mitumba, na kazi yangu ni kupokea simu za watu waliopatwa na shida. Ukiota kwenye kazi hiyo, mtu anaumia. Kwa hivyo nikikwambia kwamba Namalwa, mwalimu wetu wa kompyuta, alikuwa anaota mchana kweupe na macho wazi, usidhani namsifu bure. Namwambia hata yeye mwenyewe, na hucheka.

Alitujia pamoja na mashine mpya. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa wazimamoto, watu wa ambulensi na polisi, akiwafunza kutumia ramani ya kompyuta na kufungua kilichokwama. Kwetu ndiko alikokaa zaidi, ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja katikati ya jiji, ambako mvua unaiona ikitoka upande wa Ngong kabla watu wa chini hawajafungua miavuli. Ukutani kuna skrini kubwa. Barabara zote ziko pale, nyembamba, na magari yetu yanatembea juu yake kama nukta za kijani. Namalwa alikuwa akisimama mbele ya hiyo skrini jioni, mikono nyuma, kimya, mpaka unamwonea haya. Ukimwuliza anaangalia nini, anasema, "Naangalia watu wakipika."

Sasa, kisa cha kuja kwenye kazi hii alinieleza yeye mwenyewe. Mumewe, Norman, alianguka sebuleni kwao karibu na Adams Arcade, Jumapili, wametoka kanisani, bado na tai shingoni. Namalwa akapiga simu ya dharura. Akaulizwa, Adams sehemu gani? Akasema nyuma ya duka la viatu. Duka lenyewe lilikuwa limehama, lakini sisi hapa mtaa tunauita kwa vitu vilivyokuwepo, hata vikiondoka. Gari likamtafuta mwenye viatu mpaka Dagoretti Corner, alikohamia. Lilipofika kwake, Norman alikuwa ameshapoa. Tangu siku hiyo Namalwa alitaka kitu kimoja tu duniani: anayepiga simu apatikane. Vingine vyote aliviachia Mungu.

Basi akaanza kutufunza. Mmoja anajifanya mwenye shida, mwingine anapokea, anamtafuta kwenye ramani, anatuma gari la uongo. Rahisi. Lakini siku ya kwanza tulikwama palepale. Lenox aliambiwa aseme nyumba fulani inaungua. Lenox ni kijana mkubwa wa Kangemi, mdomo mwingi, haogopi bosi wala askari. Akakaa na simu mkononi kama ametiwa gundi.

"Nyumba ya nani, Mwalimu?"

"Yoyote. Chagua."

"Aa, hiyo siwezi. Niseme ya mtu inaungua halafu iungue kweli? Watasema ni mimi nilimtabiria."

Nikadhani Namalwa atamgombeza. Wapi. Na mimi nilipojaribu, ulimi ulikataa. Nilitaka kutaja Lavington, nikakumbuka shangazi yangu anafanya kazi huko. Ndegwa, msimamizi wetu, mzee wa kanisa mwenye digrii mbili, alitaja soko moja kisha akaomba lifutwe haraka. Namalwa mwenyewe ni mtu wa maombi, na kwao Bungoma mambo ya kujitabiria hawayachezei. Akatuelewa. Akasema tutafute mahali ambapo hakuna mtu wa kudhurika.

Ndipo akapata kile kiwanja cha Spring Valley. Nyumba ya zamani ilikuwa imebomolewa, pakabaki geti lenye kutu, ua wa kayaba wenye miiba, na majani yaliyofika kiunoni. Pale tukaunguza tulivyotaka. Namalwa akawaomba mafundi wakipake rangi ya buluu kwenye ramani, ili simu yoyote ikitokea pale ijulikane ni mazoezi na gari la kweli lisitumwe bure. Na kwa kuwa lazima simu iwe na mtu, akatuumbia mtu. Akampa jina la msimamizi kwa utani, akamwita Mzee Ndegwa.

Huyo mzee tulimpenda jamani. Namalwa alikuwa akijifungia kwenye chumba kidogo cha mwisho, bila kutuonya, anapiga simu kwa sauti nzito ya mzee wa Kikuyu. Mimi ndiye Mkikuyu pale, na nilimwambia huyo mzee wake amezaliwa Bungoma na hajawahi kuonja mukimo. Hakujali. Leo mtungi wa gesi wa Mzee Ndegwa umeshika moto, kesho amefungiwa bafuni, keshokutwa nyuki wamemvamia mke wake. Kila mmoja alimwongezea kitu. Lenox alimpa ng'ombe. Mimi nilimpa binti anayesoma unesi. Tulikuwa tukiulizana asubuhi mzee ameamkaje.

Namalwa ndiye aliyezidi. Jumamosi alikuwa anakwenda mpaka Spring Valley, anakaa kwenye ukingo wa mtaro mbele ya lile geti na chupa ya chai. Nilimsindikiza mara moja. Palikuwa kimya, jua linapita kwenye majani marefu, mahali fulani mtu anafagia. Akanionyesha kwa kidole. Pale ndipo jikoni. Pale mke wa mzee huanika nguo. Pale wajukuu wanacheza wakifunga shule. Nakwambia, nikakaa, na mimi nisiyeota nikaanza kuona moshi wa jikoni ukipanda polepole. Nikasikia harufu ya vitunguu. Tukarudi mjini, na nilikasirika kidogo, sijui kwa nini.

Mvua za mwezi wa nne ndizo zilizotuamsha. Namalwa alikuwa hajakanyaga Spring Valley kwa wiki kadhaa. Ilikuwa alasiri, mawingu yameshuka mpaka unadhani yameketi juu ya majengo, taa za ofisi zimewashwa mapema. Simu zilikuwa chache. Kwenye skrini ya Lenox nukta ya buluu ikawaka Spring Valley.

"Niaje, Mzee," Lenox akasema. "Leo ni nini tena?"

Akasikiliza akitabasamu. Akajibu, "Shimo? Wiki iliyopita ilikuwa nyuki. Pole sana, mzee wangu, gari linakuja." Akaandika zoezi limekamilika, akakata. Akanigeukia na kusema leo Mwalimu ameiweza sauti, hata ile ya kuhema.

Nukta ikawaka tena. Lenox akaweka kwenye spika ili sote tucheke. Sauti ya mzee ikajaa chumba kizima, na nyuma yake mvua inapiga mabati. Alisema udongo umeporomoka. Alisema kuna mtu chini. Alisema, tafadhali, mtoto wa watu.

Wakati huohuo mlango wa lifti ukafunguka, na Namalwa akaingia na mwavuli unaochuruzika maji. Alikuwa ametoka kwa wazimamoto kurekebisha redio. Akasimama mlangoni. Sisi tukamtazama yeye, kisha tukaitazama spika, na Mzee Ndegwa bado anaongea.

Kwa muda mfupi hakuna aliyejua aamini lipi. Niliona midomo ya Namalwa ikicheza, kana kwamba anajaribu kukumbuka kama ni yeye anayesema. Kisha akauachia mwavuli sakafuni na kumsukuma Lenox na kiti chake.

"Baba, unaitwa nani?"

"Dedan. Mimi ni mlinzi hapa. Wameanza kujenga."

"Nani yuko chini?"

"Fidel. Alikuwa anachimba shimo la choo. Udongo umemfunika."

"Anakujibu ukimwita?"

"Nilipopiga ya kwanza alikuwa ananijibu," akasema.

Lenox aliyasikia hayo. Alikuwa amesimama ukutani, mikono kichwani, mtu mzima na ukubwa wake wote. Nilimpigia kelele atume gari, na akajaribu. Kompyuta ikagoma. Ikasema hapo ni mahali pa mazoezi, gari haliwezi kutoka. Namalwa, bila kugeuka, akanitajia neno la siri, nikaifuta ile rangi ya buluu. Nukta mbili za kijani zikaanza kusogea kutoka mjini.

Akawaambia kwa redio wasipite juu, barabara imezibwa na mawe tangu zamani, wapite chini penye watu wanaouza miche, geti liko baada ya mtaro. Alikuwa anaona kila kitu kichwani. Kisha akamrudia Dedan. Akamwambia asisimame ukingoni, atauongeza udongo shimoni. Avute mbao, alale juu ya mbao, achote kwa sufuria, amwite Fidel kwa jina. Dedan akaita. Tulimsikia akiita kwenye ile spika, Fidel, Fidel, na mvua ikimjibu, na Namalwa akawa anaita naye kwa sauti ndogo, amefumba macho. Mimi nilikuwa naomba. Sikumbuki niliomba nini.

Namalwa alimwuliza Dedan kitu kingine, nadhani ili asikate tamaa. Alimwuliza anapika nini leo. Mzee akasema alikuwa ameweka maharagwe. Akasema wanapika pamoja, yeye na Fidel, pale kwenye banda karibu na geti. Namalwa akayafungua macho na kuniangalia. Palepale alipokuwa akinionyesha jikoni, kumbe kwa wiki kadhaa palikuwa na jiko la kweli, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na habari.

Kisha tukasikia ving'ora, viatu vizito, watu wakisemezana, koleo. Muda mrefu hatukusikia neno la kueleweka. Mwishowe Dedan akairudia simu, analia kama mtoto.

"Amekohoa," akasema. "Mama, amekohoa."

Fidel alipona. Mbavu zilivunjika, na mguu mmoja haukurudi vizuri, lakini anatembea. Lenox alikwenda hospitali na matunda, akamweleza yeye ndiye aliyecheka. Sijui waliongea nini, sikuuliza. Alirudi mpole, na mdomo wake hadi leo haujarudi wote.

Wakubwa walikuja, wakakaa, wakasema maneno mengi. Mazoezi yakapewa mashine yake peke yake, isiyogusana kabisa na simu za kweli, na hapo nawapongeza. Namalwa hakufukuzwa, ila aliombwa achague mahali papya pa kufanyia mazoezi. Msimamizi akashauri msituni. Mwingine akasema bwawa. Namalwa alikuwa amekonda siku hizo, na mbele ya skrini hakuwa akisimama tena.

"Patupu hakuna," akasema. "Tukipachagua tu, kuna mtu yuko njiani na sufuria yake. Wekeni kwangu."

Mimi nikasema, "Mama, usijitabirie."

"Kwangu msiba ulishafika, Wanjira," akanijibu taratibu. "Utarudi kufanya nini?"

Nilitaka kubishana naye. Mimi ni mtu wa kubishana, muulize yeyote. Lakini nilimwona uso, nikaandika anwani yake.

Zoezi la kwanza lilikuwa la Lenox. Namalwa akaingia kwenye chumba kidogo akafunga mlango. Nje jua la asubuhi lilikuwa limejaa mjini, na dirishani mwetu vumbi lilielea taratibu. Simu ikaita. Kwenye ramani nukta ikawaka karibu na Adams Arcade.

"Dharura. Uko wapi?"

Akamweleza. Hakutumia sauti ya mzee. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na Lenox akakaa wima.

"Kuna nini?"

"Nyumba yangu inaungua."

Mkono wa Lenox ulikuwa umeshika meza. Akauliza kama inavyotakiwa kuuliza, "Uko na nani hapo nyumbani, mama?"

Tukangoja. Huyu mwanamke aliyemjazia mzee wa kubuni mke na wajukuu na nyuki, alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Hakuna mtu," akasema. "Niko peke yangu."

Lililofuata kwenye mafunzo ni kusema gari limeshatoka. Lenox hakulisema. Alisema, "Usikate simu, mama. Niko hapa." Akaegemeza kichwa kwenye mkono akiisikiliza pumzi yake, naye kule ndani akiisikiliza ya Lenox. Zoezi lilikuwa limekwisha zamani, na hakuna kati yao aliyekata.