Msimlaze Fundi

Mapafu niliyajulia kwa mbuzi. Mkufunzi wetu wa uuguzi pale Moroni, mwanamke wa Kifaransa asiyejua utani, alikuwa akiagiza mapafu machinjioni, anayaweka kwenye sinia, anachomeka mpira kwenye koromeo na kutuambia tupulize. Yakivimba, sisi wasichana tulipiga makelele, naye alitutazama kana kwamba tumerogwa. "Kuingiza hewa ni rahisi," alisema. "Angalieni inavyotoka." Kisha akaubana ule mpira kwa vidole, na mapafu yakabaki yamejaa, hayashuki. Hiyo ndiyo pumu, akasema. Mgonjwa anadhani amekosa hewa, kumbe amejaa hewa aliyoshindwa kuitoa.

Uhuru ulipokuja, Wafaransa walifunga virago, na yeye akaenda pamoja nao. Haukupita muda serikali mpya ikaanza kupanga kila kitu upya, nami nikapangwa Mutsamudu, hospitali ya Hombo, kisiwa kingine kabisa. Nilinuna safari nzima. Sokoni wanawake walikicheka Kingazija changu, lugha ya kisiwa chetu, nami nilikuwa na ulimi mkali, sikuwaachia. Lakini walichoniogopea hasa ni lile gauni jeupe. Vijana wa kamati za serikali hiyo mpya walikuwa wakipita mitaani wakiwafokea mashehe na kuwadhalilisha wazee hadharani. Mimi sikuwa mwanakamati. Gauni, hata hivyo, lilikuwa la serikali, na watu walishachoka kuchambua nani ni nani.

Alasiri moja mwanamke alikuja mbio wodini, shiromani yake ya kujitanda imemteleza kichwani na hana habari nayo. "Fundi anakata roho," akasema. Huko fundi ni mwalimu wa chuo cha Kurani, na huyu Fundi alikuwa mwanamke, bibi aliyewasomesha wasichana wa mtaa mzima, mama zao pia. Daktari alikuwa ndani ya chumba cha upasuaji. Nikamuuliza yule mwanamke, Fundi anapumuaje. Akanionyesha kwa kifua chake mwenyewe, mabega yakipanda juu, na ndani ya koo akatoa mluzi. Nikachukua mkoba, bomba la sindano, na dawa ya pumu iliyobaki kabatini, kichupa kimoja.

Vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari, hata machela inabidi uigeuze ubavu. Tukaenda kwa miguu. Kabla hatujafika mlangoni niliunusa ubani, moshi ulio sumu kwa mwenye pumu, na damu ikaanza kunichemka.

Chumba kilijaa wanawake. Madirisha yamefungwa, chetezo kinafuka pembeni mwa kitanda. Fundi wamemlaza chali, wamemwelekeza kibla, wamemfunika hadi kidevuni, kama inavyofanywa kwa mtu anayeaga dunia. Midomo yake ilikuwa imeiva rangi ya zambarau. Nyama za katikati ya mbavu zilikuwa zikivutwa ndani kila anapojaribu, na pumzi ikitoka ni ule mluzi mwembamba, mrefu, usiokwisha. Binti yake mkubwa alikuwa amemwinamia sikioni akimtamkisha shahada. "Sema, mama. Sema." Kila mara alipaza sauti zaidi. Macho ya Fundi yalimtoka, kinywa kikafunguka, hakikutoka kitu.

"Mwinueni," nikasema. "Fungueni madirisha. Chetezo nje."

Hakuna aliyetikisika. Nikakibeba chetezo mwenyewe na kukitupa uani, makaa na yote.

Hapo binti akainuka. "Mmewatukana mashehe wetu," akaniambia. "Sasa mnakuja hadi kitandani kumzuia Mwislamu shahada yake?"

"Simzuii kitu. Ukimlaza hivi atakufa."

"Na akifa mkononi mwako, ameketi, hajatamka? Utamjibu nini Mungu? Sisi utatujibu nini?"

Niliogopa, sitaki kudanganya. Nilijua ukweli wa maneno yake. Akinifia, habari itakuwa mtaani kabla ya magharibi kwamba mtu wa serikali amemtoa Fundi kibla na kumziba mdomo. Na siwezi kusema ningewalaumu. Kumkatiza mtu shahada, hata mimi nililelewa kuogopa.

Nikamwendea Fundi mwenyewe. "Fundi, nikukalishe?" Hakuweza kujibu, lakini vidole vyake viliushika mkono wa gauni langu na kuuvuta. Binti aliona. Akauma mdomo, kisha akampitishia mama yake mkono mgongoni, tukamwinua pamoja. Tukamkalisha ukingoni mwa kitanda, mbele yake tukaweka meza ndogo na mito juu yake, nikamwegemeza mikono pale ili mabega yapate pa kupumzikia. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti, maana Fundi sasa ameipa kibla mgongo. Nikaugeuza uso wangu ukutani nimeze tusi. Kisha nikawaambia washike miguu ya kitanda, tukakizungusha chote, na yeye juu yake, mpaka akaelekea anakotakiwa. Jambo dogo, lakini chumba kililegea kidogo.

Dawa ile hutiwa mshipani, polepole mno. Ukiisukuma haraka, moyo unaruka na pengine haurudi. Nilipata mshipa kwenye kiwiko chembamba kama cha mtoto, nikasukuma, nikangoja, nikasukuma. Kidole changu kingine kilikuwa kwenye mapigo yake. Wanawake wote walitazama sindano, na nadhani hakuna aliyepumua humo ndani, si Fundi peke yake.

Mluzi haukupungua. Alikuwa akizidi kuvuta hewa kwa pupa juu ya hewa, kifua kimejaa pomoni. Nikamwambia atoe, asivute, atoe tu, taratibu. Hakunielewa, au hofu haikumpa nafasi ya kuelewa. Ndipo nikamgeukia binti.

"Mtamkishe sasa," nikamwambia. "Lakini usimwambie aseme yote. Silabi ya kwanza peke yake, mvutie ndefu, kama unamfundisha mtoto. Asiimalize mpaka kifua kiwe kitupu."

Binti akapiga magoti mbele ya mama yake, uso kwa uso, akaanza ile *la* ya *La ilaha illallah*. *Laaa*. Sauti nyororo, ndefu, si ile ya kupiga kelele. Midomo ya Fundi ikaifuata. Mwanzoni ilikuwa upepo tu. Mara nyingine tena, kukawa na sauti kidogo. Mwanamke huyu alikuwa amevuta madi, zile irabu ndefu za Kurani, maisha yake yote, anajua pumzi inavyotunzwa mpaka mwisho wa aya, na mwili wake ulikumbuka hata kama hofu haikutaka. Ile *laaa* ikarefuka. Mbavu zikashuka. Sijui ilikuwa dawa, au dirisha, au hilo, wala sikujali.

Jua lilipokaribia kuchwa, midomo ilikuwa imerudi rangi yake na mluzi umebaki mbali, chini kabisa. Akaitamka shahada yote, kwa vituo, akiwa ameketi. Kisha akaniita kwa kidole niiname.

"Mwanangu," akasema, akipumzika kila baada ya neno, "waliponilaza… nilitaka kuitamka. Ikakataa kutoka. Nikajua… Mungu amenifunga mdomo. Nimewatamkisha watoto wa watu… na mimi nimekataliwa."

Machozi yalinitoka papo hapo, mimi na ukali wangu wote. "Hukukataliwa, Fundi. Ilikuwa hewa tu. Huwezi kutamka neno kama hewa haitoki."

"Rudia," akasema. "Kwa sauti. Asikie na huyu."

Nikarudia kwa sauti. Binti mkubwa, aliyekuwa bado amepiga magoti, akauweka uso wake kwenye mapaja ya mama yake na kulia kwa kwikwi. Naye alikuwa ameamini vivyo hivyo, mchana kutwa, na ndiyo maana alikuwa akipaza sauti.