Adabu ya Kugeuza Uso

Mwalimu mwenza aliyekabidhiwa kumlea Odile, mwalimu mgeni kutoka Ubelgiji katika shule moja ya Korea, hutoa mawaidha bila kuulizwa. Huyatoa kwenye ngazi, kwenye foleni ya chakula, hata akiwa na mswaki mdomoni baada ya mlo wa mchana. "Pokea kwa mikono miwili. Usiguse kijiko kabla mkubwa hajagusa chake. Ukinywa mbele ya mkubwa, geuza uso." Sauti yake ni kavu kama chaki.

Jioni ya karamu ya walimu, Odile aliketi roho mkononi. Kesho yake wazazi wa wanafunzi wangekuja kumtazama akifundisha, na kichwa chake hakipatani na pombe ya soju. Lakini makamu mkuu wa shule alikuwa anazunguka na chupa, na glasi ya mkubwa haikataliwi. Mwalimu mwenza alipokea yake kwa mikono miwili, akainama, akageuza uso kwa heshima zote kuelekea alikoketi Odile. Soju yote ikateremka kimya ndani ya kikombe cha chuma cha maji.

"Unakodoa nini?" akanong'ona. "Tangu Machi nakufundisha, au nilikuwa naongea na ukuta?"

Odile alipomiminiwa, aligeuza uso mpaka shingo ikalia, nayo soju yake ikaishia kwenye kikombe kilekile. Makamu mkuu akapiga makofi.

"Mwoneni mgeni wetu! Adabu hiyo hata vijana wetu hawana!"

Akammiminia nyingine kumpongeza. Mwalimu mwenza, bila kumtazama Odile, akamsogezea kikombe kingine kitupu.